Jana Usiku Nani Alilala Wapi?

Katika ukurasa huu tumekwisha kuandika juu ya malaria mara nyingi, hata baadhi yenu mnaweza kutusomea maneno yetu wenyewe bila kutazama karatasi. Tumeeleza habari za mbu jike aina ya anofelesi. Tumechora chandarua kilichofungwa vizuri kwenye pembe nne za kitanda. Tumehimiza akina mama waende kliniki mapema. Mwezi huu tunaandika kwa namna nyingine, kwa sababu ya msiba uliotokea katika kigango kimoja kisicho mbali nasi.

Mtoto alikuwa na umri wa miaka 3. Alishikwa na homa siku ya Jumatatu, akapewa vidonge vya kutuliza homa vilivyonunuliwa dukani. Jumatano jioni macho yalimgeuka, mwili ukakakamaa, mikono na miguu ikaanza kurukaruka. Zahanati iko mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu. Wazazi hawakwenda huko. Walimpeleka kwa mzee mmoja mwenye sifa ya kutibu watoto, akafukizwa moshi na kuogeshwa maji ya majani usiku kucha. Walipomfikisha zahanati Alhamisi adhuhuri, mtoto hakuwa na nguvu hata ya kulia, na jua halikutua akiwa hai.

Tulikwenda kuwapa pole. Chumbani, juu ya sanduku la nguo, tulikiona chandarua kimekunjwa vizuri, bado kina alama za mikunjo ya kiwandani. Tusifiche: wazo letu la kwanza lilikuwa la kulaumu. Chandarua kimo ndani, zahanati ipo, elimu tumeitoa. Sasa watu hawa walitaka nini zaidi?

Bibi wa marehemu alikuwa ameketi mkekani. Tulimwamkia, akaitikia, tukakaa. Baada ya kimya kirefu alisema hivi, bila hasira yoyote: "Wanangu, homa tunaijua. Ile ya kwenda kupimwa damu tunaijua, na siku zote tunakwenda. Lakini kilichompata mjukuu wangu usiku ule hakikuwa homa. Ilikuwa degedege. Na degedege ukiipiga sindano, mtoto harudi."

Mmoja wetu akauliza juu ya chandarua. Bibi akakitazama. "Kile ni cha mbu," akasema. "Wakati huu mbu hawapo."

Tulirudi nyumbani tumenyamaza. Miaka yote hiyo tulikuwa tumeandika "malaria, malaria", na neno degedege tulilitaja kwa nadra, tena kama neno la watu wasiosoma. Bibi yule alikuwa ametusikiliza vizuri kabisa. Sisi ndio hatukuwa tumemsikiliza.

Maneno ya mama na maneno ya daktari

Jambo alilotuambia bibi si geni kwa watafiti. Miaka ya 1990 mwanzoni, katika wilaya ya Bagamoyo, kulikuwa na kazi ya kueneza vyandarua vilivyotiwa dawa. Pamoja na madaktari na wataalamu wa wadudu, walikuwamo watu ambao kazi yao ilikuwa kuketi na wanakijiji na kuwauliza wanayaitaje magonjwa yao, yanatoka wapi, na mtu akiugua hufanywa nini kwanza, cha pili na cha tatu. Peter Winch na wenzake walitoa matokeo ya kazi hiyo mwaka 1996.

Waligundua kwamba kile ambacho daktari hukiita kwa jina moja, malaria, wanakijiji walikigawa katika magonjwa mbalimbali. Kulikuwa na homa ya malaria, yaani ile ya mwili kuchemka, kuumwa kichwa na viungo. Hiyo watu walikubali kwamba huletwa na mbu na kwamba dawa yake iko zahanati. Pembeni yake kulikuwa na degedege, ambayo wengi waliiona kuwa ni ugonjwa mwingine kabisa, wa mashetani au wa ndege wa usiku apitaye juu ya mtoto. Bandama nayo ilihesabiwa peke yake. Ukimwambia mama wa namna hiyo kwamba chandarua huzuia malaria, atakubali kwa moyo mweupe. Lakini hatafikiri hata dakika moja kwamba umemwambia habari za degedege. Kwa maana hiyo, ugonjwa mdogo ndio uliopewa kinga na dawa, na ule unaoua ukabaki kwa mganga wa jadi.

Hofu ya sindano nayo ilionekana huko Bagamoyo, na haikuonekana huko tu. Tukifikiri vizuri, hofu hiyo ina chanzo chake. Mtoto mwenye degedege hufikishwa hospitali amechelewa sana, anachomwa sindano, na baada ya saa moja anafariki. Waliosimama nje wanaona sindano, kisha wanaona kifo. Hawauoni ule usiku mzima uliopotea, kwani usiku hauonekani kwa macho. Mama akirudi kijijini anasimulia alichokiona, na majirani wanayahifadhi maneno yake. Huo si ujinga. Ni hesabu iliyofanywa kwa namba zilizopungua.

Basi tueleze sasa, kwa neno lenyewe. Degedege ya mtoto mwenye homa, katika nchi yetu yenye malaria, mara nyingi ni malaria ileile iliyopanda kichwani. Vimelea aina ya falsiparum vikiwa vingi, chembe za damu zilizoingiliwa hunata katika mishipa midogo ya ubongo, na sukari ya mwilini nayo huweza kushuka. Mtoto anakakamaa, anapoteza fahamu. Yako magonjwa mengine yanayoleta hali hiyo, kama homa ya uti wa mgongo, au homa kali ya ugonjwa mwingine, au kifafa. Nyumbani hakuna awezaye kuyatenganisha, na ndiyo maana mtoto lazima apimwe.

Mlaze ubavu ili mate na matapishi yatoke, legeza nguo, usimtie kijiko mdomoni wala usimnyweshe kitu chochote, na anza safari saa ileile. Usingoje kuche. Iko dawa ya kuwekwa kwa njia ya haja kubwa, iliyokusudiwa hasa watoto kama hawa wasioweza kumeza, ili wafike hospitali wakiwa hai. Huko watapewa artesunate kwa sindano. Tunamwambia bibi, na wote wanaofikiri kama yeye: sindano hiyo inamwokoa mtoto aliyefikishwa mapema.

Kazi ya kuketi mkekani

Kukaa na watu, kula nao, kwenda nao shambani, kutazama mambo yanavyotendeka badala ya kutegemea majibu ya maswali ya karatasi, wasomi wanakuita ethinografia. Jina ni zito lakini kazi yenyewe kila bibi harusi aliyehamia kwa wakwe zake ameifanya: hunyamaza kwanza, huangalia chumvi inawekwa wapi na nani huongea wa kwanza, ndipo aanze kupika.

Hapa kwetu Tanzania kazi hiyo ina historia ndefu. Marja-Liisa Swantz, mama wa Kifini, aliishi miaka ya 1960 katika kijiji cha Bunju, kaskazini ya Dar es Salaam, akijifunza maisha ya Wazaramo, hasa ya wanawake. Baadaye, kuanzia mwaka 1975, alikuwa miongoni mwa walioongoza mradi wa Jipemoyo katika wilaya ya Bagamoyo, ambamo watafiti wa Tanzania na wa Finland waliwachukua wanakijiji kuwa watafiti wenzao. Na wasomaji wetu wazee watakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu walipokusanyika vikundi vikundi kuzunguka redio, wakasikiliza, wakabishana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Kilichotoka redioni kilikuwa kimeandikwa Dar es Salaam, ni kweli. Lakini ubishi ulikuwa wao wenyewe.

Siku hizi kazi hii imepata ndugu yake aitwaye fikra ya ubunifu. Imetoka kwa watu wanaobuni vifaa vya kuuza, viti na simu na mengineyo. Wao husema: mtazame kwanza atakayekitumia kitu, kitengeneze kwa haraka na kwa bei ndogo, mpe akijaribu, kubali akikikataa, kitengeneze tena. Wenye miradi ya maendeleo vijijini wameichukua njia hiyo, na warsha zake ni nyingi, zenye vikaratasi vya rangi ukutani. Sisi hatuna ugomvi na vikaratasi. Ila tumeona kwamba mahali pengine warsha inakuwa ndefu na safari ya kijijini inakuwa fupi.

Zuia Mbu

Kama kuna mahali ambapo kusikiliza na kutengeneza vilikwenda pamoja, ni katika bonde la Kilombero. Wale waliofika Ifakara wanaijua nchi ile: milima ya Udzungwa upande mmoja, mpunga hadi macho yanapoishia, na maji ya mafuriko. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko iko pale, na karibu nayo, mwaka 1957, Profesa Rudolf Geigy wa Basel, Uswisi, alianzisha maabara ndogo ya utafiti ambayo imekua na kuwa Taasisi ya Afya Ifakara ya leo. Mbu wa bonde lile si wa mchezo. Katika kijiji cha Namawala, watafiti walikadiria miaka ya 1990 mwanzoni kwamba mtu mmoja aliweza kuumwa na mbu wenye vimelea vya malaria zaidi ya mara 300 kwa mwaka.

Mwaka 1996 ulianza huko mradi uitwao KINET, kwa ajili ya wilaya za Kilombero na Ulanga. Kabla ya kuuza chandarua hata kimoja, watafiti walizunguka wakiuliza. Walikuta yaleyale ya Bagamoyo: degedege iko mbali na malaria katika mawazo ya watu. Lakini walikuta pia jambo la kutumainisha, kwamba hakuna asiyewachukia mbu. Mtu anaweza kubishana nawe juu ya malaria tangu asubuhi hadi jioni, lakini hatabishana juu ya kelele za mbu sikioni.

Bidhaa ilipotoka, mwezi Mei 1997, iliitwa Zuia Mbu. Litazameni jina hilo. Halitaji malaria, halitaji hospitali, halimwambii mtu kwamba hajui. Linasema kile ambacho mwenye nyumba mwenyewe anakitaka usiku wa leo. Jina hilohilo lilipewa chandarua na dawa ya kukitibu.

Bei ilikuwa kiasi cha shilingi 3,000, fedha ambayo kwa mkulima wa mpunga hupatikana baada ya mavuno lakini si wakati wa palizi. Kwa hiyo wajawazito na akina mama wenye watoto wadogo walipewa kliniki hati ya punguzo ya shilingi 500. Mradi uliendelea kuenea hadi ukafikia wilaya zote mbili, zenye watu wapatao 480,000. Watoto wachanga waliolala ndani ya chandarua chenye dawa walikuwa chini ya 10 katika kila 100 mwanzoni. Baada ya miaka 3 walizidi nusu. Na hesabu iliyotolewa mwaka 2001 ilionyesha kwamba watoto wa umri wa mwezi 1 hadi miaka 4 waliotumia vyandarua hivyo walikuwa na nafasi ya kuishi iliyozidi kwa asilimia 27 ile ya wenzao wasiovitumia.

Hati ile ya Kilombero ndiyo iliyokuja kuwa mfano wa Hati Punguzo ya taifa iliyoanza mwaka 2004. Wengi wenu mmeishika mikononi. Na mnajua kasoro yake: asiye na fedha ya kujazia hakupata chandarua, hata kama hati anayo mfukoni. Ndiyo maana baadaye, katika miaka ya 2010 na 2011, kampeni ya kugawa bure ilizunguka Tanzania Bara ikiwa na lengo la chandarua kwa kila mahali pa kulala. Siyo kwa kila nyumba wala kwa kila kitanda, bali kila mahali pa kulala. Aliyeandika maneno hayo alikuwa amewahi kuingia ndani ya nyumba za watu. Na tangu 2016 mjamzito na mtoto wa kliniki hupewa chandarua bila malipo.

Kuna jambo jingine tulilolipenda. Vyandarua vya zamani vilipaswa kutumbukizwa upya katika dawa kila baada ya miezi sita hivi. Akina mama waliambiwa, wakakubali, na wengi hawakufanya. Wahubiri wa afya, sisi tukiwamo, tuliongeza sauti. Wenye hekima zaidi walijiuliza kwa nini kazi hii iwe ya mama mwenye maji ya kuteka, kuni, shamba na mtoto mgongoni. Vikatengenezwa vyandarua ambavyo dawa yake imo ndani ya uzi au imegandishwa juu yake tangu kiwandani, inayodumu miaka kadhaa. Kiwanda kimoja cha namna hiyo kiko Arusha tangu 2003. Mzigo ulihamishwa kutoka kichwani kwa mama, ukapelekwa kwenye mashine.

Habari fupi kutoka Peru

Mtu asidhani kwamba mambo haya ni ya Waafrika. Katika nchi ya Peru, Amerika ya Kusini, kiko kijiji kiitwacho Los Molinos. Wakati mmoja kilikuwa na familia zipatazo 200. Mhudumu wa afya alifanya kazi huko miaka miwili, akipita nyumba kwa nyumba kuwahimiza akina mama wachemshe maji ya kunywa. Baada ya miaka hiyo miwili aliwapata 11 tu. Edward Wellin, aliyeandika habari hiyo mwaka 1955, alieleza sababu. Katika kijiji kile vyakula na vinywaji vyote vilihesabiwa kuwa vya moto au vya baridi kwa asili yake, na maji yaliyochemshwa yalikuwa ya wagonjwa. Mtu mzima kuyanywa ilikuwa kama kujitangaza mgonjwa. Wengine waliuliza jinsi vidudu vidogo kiasi hicho vinavyoweza kuishi majini bila kuzama. Swali zuri! Tumejaribu kulijibu kwa Kiswahili chepesi na tumetoa jasho.

Nyumba sita

Baada ya msiba ule, wanajumuiya wa kigango walikubali tujaribu nao kazi ndogo. Hatukuchukua karatasi ya maswali. Tulichagua nyumba sita, na katika kila nyumba tulikaa hadi chai iishe.

Mwalimu mstaafu wa jumuiya ile ndiye aliyetufundisha kuuliza. Sisi tulianza, "Je, mnatumia chandarua?" Nyumba ya kwanza wakajibu ndiyo. Nyumba ya pili wakajibu ndiyo. Mwalimu akatuvuta pembeni, akatuambia kwamba tukiuliza hivyo tutajibiwa ndiyo hadi mwisho wa dunia, kwani mgeni hajibiwi hapana. Katika nyumba ya tatu aliuliza yeye: "Jana usiku nani alilala wapi?"

Hapo mambo yakafunguka. Baba na mama kitandani na mtoto wa mwisho, ndani ya chandarua. Watoto watatu kwenye mkeka chumba cha pili, hakuna. Bibi jikoni, karibu na moto, kwa sababu ya miguu yake, hakuna. Kijana mkubwa kibandani nje. Nyumba ina vyandarua viwili. Cha pili kiko wapi? Kimehifadhiwa kwa ajili ya mgeni. Nyumba nyingine chandarua cha pili kilikuwa shambani, na hilo lilitufurahisha na kutushtua kwa pamoja: baba analinda mpunga usiku kwenye dungu, kwa hiyo amekichukua, na amefanya vema, maana huko mbu ni wengi kuliko nyumbani. Huko Kilombero pia watafiti wameona kwamba familia zinazohamia mashambani wakati wa mpunga huchukua vyandarua vyao. Lakini watoto waliobaki kijijini?

Tulijifunza mengine. Chumba cha watoto hakikuwa na dari wala boriti ya kufungia kamba, na asubuhi mkeka hukunjwa ili watu wapite, kwa hiyo chandarua lazima kifungwe na kufunguliwa kila siku, na anayekifunga ni binti wa miaka 9 asiyefika juu. Mama mmoja alisema chandarua cheupe humkumbusha sanda, akatuomba tusimcheke. Hatukumcheka. Mwingine alisema alipokifungua tu kutoka mfukoni macho yaliwasha watoto, akadhani ni sumu. Hakuna aliyemwambia akianike kivulini siku moja kwanza. Na karibu wote walisema neno la bibi: kiangazi mbu hawapo. Hilo pia liliwahi kuandikwa Bagamoyo mwaka 1994, kwamba watu huona hatari masika tu. Mbu wachache wanatosha, ndugu wasomaji. Anayeleta kelele na anayeleta vimelea si lazima wawe mmoja.

Kisha tukaanza kutengeneza, na hapa tulikosea mara mbili. Kwanza tulileta misumari mirefu. Ukuta wa udongo ukabomoka. Halafu fundi wa baiskeli alipendekeza fito mbili zilizopindwa, zikasimamishwa ndani ya makopo ya mchanga. Zilisimama vizuri hadi mbuzi alipoingia. Jaribio la tatu lilikuwa la mama mwenye nyumba mwenyewe. Alipitisha kamba ya katani kutoka pembe moja ya paa hadi nyingine, akafunga chandarua kwenye kamba hiyo kwa vitanzi vya kitambaa, na mchana anakisukuma chote upande mmoja kama pazia. Binti anakivuta kwa mkono bila kupanda juu ya kitu. Hakuna aliyetumia zaidi ya fedha ya kamba. Nyumba nne kati ya sita zimeiga. Nyumba ya tano bado chandarua kimo sandukuni kwa ajili ya mgeni, na hatujui la kusema zaidi ya kwamba mgeni tumekuwa sisi na hatukukitumia. Ya sita ni ile ya bibi jikoni. Moshi na chandarua havipatani, naye hataki kuuacha moto.

Juu ya degedege tulikwenda pia kwa yule mzee mwenye kutibu watoto. Wengine hawakupenda tuende. Alitupokea vizuri, akatueleza dalili anazozijua, na dalili zake zilikuwa sahihi kuliko zilizomo katika makaratasi yetu. Tulimwomba jambo moja tu, kwamba mtoto mwenye homa anayekakamaa amwambie mama aende zahanati kwanza, na mengine baadaye. Alifikiri kwa muda mrefu. Akasema atawaambia, lakini akauliza ni nani atakayempeleka mtoto usiku, mwendo wa saa moja na nusu, wakati mwenye pikipiki hataki kutoka bila fedha mkononi.

Swali hilo hatukuwa nalo katika maandalizi yetu. Jumuiya imelichukua. Wameanza kuweka shilingi 500 kila kaya kwa mwezi katika kopo la mwenyekiti, na mwenye pikipiki mmoja amekubali kulipwa asubuhi. Hadi tunapoandika, wamemtoa mtoto mmoja, saa tano za usiku. Mama yake alisimama mlangoni mwa chumba cha sindano, akatazama.

Bibi wa marehemu ametutumia ujumbe kwa mwalimu. Anasema tukija tena tulete kamba ya katani mita 10, kwa ajili ya chumba cha wajukuu waliobaki, na tusilete misumari.